Kila Ndege na Bawa Lake: Watoto Maskini na Korongo wa Bustani za Gisenyi

Mtu akitembea kando ya Ziwa Kivu mjini Gisenyi, kuanzia ufukwe wa umma kuelekea mpaka wa Goma, hupita mbele ya nyumba na hoteli zenye bustani pana, mitende na majani yaliyofyekwa vizuri. Sisi tuliokulia mjini hapo tunakumbuka kwamba zamani, na si zamani za mbali, katika baadhi ya bustani hizo ungeweza kumwona ndege mrefu mwenye taji la manyoya ya rangi ya dhahabu, akitembea taratibu kama mzee anayekwenda barazani. Huyo ndiye umusambi, yaani korongo mwenye taji. Leo bustani ni zile zile, lakini ndege hayupo.

Habari za kuondoka kwake zimekwisha kuandikwa. Zimeandikwa kwa takwimu, kwa majina ya wataalamu na kwa tuzo walizopewa, na wanastahili. Katika insha hii nauliza swali dogo ambalo sijaliona likiulizwa: ndege huyo alipokuwa bustanini, nani alikuwa akimlisha? Mwenye nyumba alimnunua na wageni walimpiga picha. Lakini kila asubuhi alikuwapo mtu aliyembebea maji na kusafisha banda lake, na mara nyingi mtu huyo alikuwa kibarua wa chini kabisa katika nyumba, pengine mtoto.

Nitajaribu kuonyesha mambo matatu. Kwanza, korongo wa tajiri, katika maisha ya kila siku, alikuwa ndege wa mtoto maskini. Pili, mtoto huyo aliweza kupata kwake faraja ya kweli. Tatu, faraja hiyo ilijengwa juu ya bawa lililokatwa. Naona kwamba historia itakayotaja mambo mawili kati ya haya na kuliacha la tatu itakuwa na upungufu.

Ndege na heshima yake

Korongo mwenye taji wa kijivu, ambaye wanasayansi humwita Balearica regulorum, ana kimo cha mita 1 hivi na uzito wa kilo 3 na nusu hivi. Hupatikana kuanzia Uganda na Kenya hadi Afrika Kusini. Hujenga kiota chake katika vinamasi, na makinda yake hutoka kiotani mapema sana na kuwafuata wazazi kwa miguu, wiki nyingi kabla ya kujua kuruka. Tofauti na korongo wengi wa nchi nyingine, yeye huweza kulala juu ya mti, kwa sababu kidole chake cha nyuma ni kirefu cha kutosha kushika tawi. Dume na jike hukaa pamoja mwaka hadi mwaka, na hucheza: huinamisha vichwa, hutandaza mabawa na kuruka juu wakitazamana.

Uzuri huu umempa heshima kubwa katika eneo letu. Uganda imemweka katikati ya bendera yake tangu mwaka 1962, na timu yake ya taifa ya kandanda inaitwa kwa jina lake. Nchini Rwanda amekuwa ishara ya maisha marefu na ya utajiri. Heshima hiyo ndiyo iliyomponza. Mtu aliyefanikiwa alitaka ishara hiyo itembee uani kwake.

Njia iliyomleta ndege mjini ilikuwa na hatua chache. Ilianzia kwenye ardhi oevu kama Rugezi, kinamasi kikubwa cha kaskazini kilichoko katika wilaya za Burera na Gicumbi. Huko, mwanakijiji mwenye shida ya pesa alimkamata kinda ambaye bado hajajua kuruka. Kazi hiyo haikuhitaji bunduki wala mtego, ilihitaji miguu myepesi tu. Kinda aliuzwa kwa bei ndogo kwa mchuuzi, mchuuzi akamuuza kwa bei kubwa zaidi kwa mwenye hoteli au mwenye nyumba. Kisha, ili ndege asiruke, manyoya ya bawa yalikatwa, na wakati mwingine mfupa wenyewe ulivunjwa. Korongo waliofungwa hivyo hawakuzaana. Kwa hiyo kila aliyekufa bustanini alihitaji mwingine atolewe kinamasini, na biashara ikaendelea.

Wakati huohuo makazi yake yalikuwa yakipungua. Baada ya vita na Mauaji ya Kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994, watu wengi walirejea nchini na kuhitaji ardhi, na mwaka 1997 Hifadhi ya Taifa ya Akagera ilipunguzwa kwa zaidi ya nusu ya eneo lake. Kule Rugezi maji yalipungua kutokana na kilimo na uchimbaji wa mifereji, hata kituo cha umeme cha Ntaruka, kinachotegemea maji ya eneo hilo, kikashindwa kutoa umeme wa kutosha katika miaka ya 2003 na 2004. Serikali ikazuia kilimo ndani ya kinamasi. Rugezi iliingizwa mwaka 2005 katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa, na mwaka 2010 Rwanda ilipewa tuzo ya kimataifa ya Green Globe kwa kuirejesha. Kinamasi kikapata nafuu. Ndege waliokuwa bustanini hawakupata. Amri ya waziri ya mwaka 2008 iliorodhesha wanyama na mimea inayolindwa, lakini miaka kadhaa baadaye bado tuliwaona korongo wakitembea nyuma ya kuta za mawe. Mwaka 2012 ndege huyu aliingizwa duniani kote katika kundi la viumbe walio hatarini kutoweka.

Hiyo ndiyo historia kama ilivyoandikwa. Sasa niingie nyuma ya ukuta.

Mtoto wa kijumba cha nyuma

Mtu ninayemzungumzia hapa ni mtoto wa mama yangu mkubwa, na kwetu huyo ni kaka, hana jina jingine. Nilizungumza naye wakati wa likizo mbili, kwa Kiswahili na Kinyarwanda vilivyochanganyika kama tunavyozungumza Gisenyi. Aliniruhusu niandike, kwa sharti kwamba nisimtaje jina lake wala jina la nyumba. Maneno yake nayachukua kama ushahidi wa mdomo. Ni ushahidi wa mtu mmoja, lakini sehemu yake nyingine niliiona mwenyewe nikiwa mtoto mdogo.

Baba yake alikwenda kutafuta kazi ng'ambo ya mpaka na habari zake zikawa chache, kisha zikakoma. Mama mkubwa alikuwa akivusha bidhaa kichwani katika mpaka ambao wote tunauita Petite Barrière. Aliondoka alfajiri na kurudi jioni, na jioni yenyewe alikuwa amechoka kiasi cha kutoweza kuuliza mtoto ameshindaje. Mwaka 2011, kaka akiwa na miaka 11, alipelekwa katika nyumba ya mtu mwenye uwezo ili asaidie kazi za bustani. Shule aliiacha hapo. Alilala katika kijumba cha nyuma pamoja na majembe na magunia ya makaa. Hakupigwa. Nilipomuuliza maisha yalikuwaje alinijibu, "Mdogo wangu, hawakunitesa. Walikuwa hawanioni tu. Jina langu lilitajwa pale kitu kilipopotea."

Katika bustani hiyo kulikuwa na korongo mmoja. Kaka alimkuta tayari ana bawa fupi upande mmoja. Alipewa kazi ya kumwekea mabaki ya wali na pumba za mahindi, na siku za mwanzo ndege alimdonoa mikono hadi ikatoka damu. Hakuna mtu aliyemfundisha namna ya kukaa na ndege. Alijifunza kwa kutazama. Aliona kwamba baada ya mvua ndege hukanyaga majani kwa nguvu, mguu huu na mguu huu, kisha hudaka wadudu wanaoruka. Akaelewa kwamba anataka vitu vilivyo hai. Akaanza kumchimbulia minyoo kwenye shimo la takataka na kumkamatia panzi, na siku za soko aliomba kwa wauza samaki sambaza waliovunjika ambao hawangenunuliwa.

Kila mara kabla ya kufungua kiganja alipiga mluzi, sauti mbili, ya juu kisha ya chini. Baada ya wiki kadhaa ndege alianza kuja kwa mluzi tu. Baada ya miezi alimfuata alipokuwa akimwagilia maua, hatua kwa hatua, na alipoketi kula, ndege alisimama karibu naye kwa mguu mmoja. Mimi na mama tulikwenda kumsalimia baadhi ya Jumapili. Nakumbuka tulisimama karibu na lango la nyuma tukamwona akiinamisha kichwa na kuruka, na ndege akainamisha kichwa na kuruka. Nilicheka. Mama hakucheka. Kaka, ambaye kwetu alijibu kwa neno moja au mawili, alikuwa akimweleza ndege habari za wiki nzima.

Sayansi inaweza kutusaidia kuelewa tulichokiona. Konrad Lorenz, Mwaustria aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1973 pamoja na watafiti wengine wawili, alionyesha kwamba makinda ya bata bukini humfuata kiumbe wa kwanza wanayemwona akitembea mbele yao na kumfanya mzazi. Ndege aliyetolewa kwa wazazi wake akiwa kinda huweza kumwelekezea mtu tabia alizokusudia kuwaelekezea wenzake, hata ngoma yake. Kwa hiyo ndege yule hakuwa akimburudisha mtoto. Alikuwa akitafuta mwenzake, na katika bustani ile aliyekuwapo ni mmoja tu. Kaka naye hivyo hivyo.

Mvulana wa Barnsley

Mtu anaweza kusema kwamba hiki ni kisa cha familia moja, si historia. Ndiyo maana nalileta jambo la mbali kidogo ili tulinganishe. Mwaka 1968 mwandishi wa Uingereza Barry Hines, mtoto wa mchimba makaa ya mawe kutoka Hoyland Common karibu na mji wa Barnsley, alichapisha riwaya iitwayo A Kestrel for a Knave. Mhusika wake mkuu, Billy Casper, ni mvulana aliyeachwa na baba, asiyetazamwa na mama, anayeonewa na kaka yake na kudharauliwa na walimu. Anamchukua kiotani kinda wa kozi mdogo, anamfundisha, na katika kazi hiyo anakuwa mtu mwingine. Mkurugenzi Ken Loach aliifanya filamu mwaka 1969, kwa jina la Kes.

Nyuma ya riwaya hiyo kuna tukio la kweli. Mdogo wake Barry, Richard Hines, alishindwa mtihani uliowagawa watoto wa Kiingereza wakiwa na miaka 11, akapelekwa shule ya wale ambao hawakutarajiwa kufika mbali, huku kaka yake akiwa amepita kwenda shule ya wateule. Richard ndiye aliyefuga na kufundisha kozi akiwa kijana, na ndiye aliyewafundisha ndege waliotumika katika filamu. Hata jina la riwaya linabeba suala la tabaka. Katika orodha ya Kiingereza ya karne ya 15 kila cheo kilipangiwa ndege wake wa kuwindia, mfalme wake, bwana wake, na yule kozi mdogo akaachiwa mtu wa chini.

Ulinganisho na Gisenyi unaonekana wazi: mtoto wa kibarua, nyumba isiyo na muda naye, ndege wa porini, na ujuzi ambao hakuna mwalimu aliyeugundua. Lakini kuna tofauti moja, na kwangu ndiyo yenye uzito zaidi. Ufundi wa kumfundisha kozi unahitaji bawa zima. Ndege hupimwa uzito, hulishwa juu ya glavu ya ngozi, huitwa kwanza akiwa amefungwa kamba ndefu, kisha siku inafika ambapo kamba inafunguliwa. Siku hiyo mfundishaji hana la kufanya isipokuwa kusimama na kungoja. Ndege anaweza kwenda zake. Akirudi, amerudi mwenyewe. Ni kweli njaa inasaidia, lakini angani anga ni yake.

Afrika Mashariki pia tuna mfano wa ndege na mtu wanaoshirikiana bila kamba. Mlembe, ndege anayeongoza watu kwenye mizinga ya nyuki mwitu, hafugwi na mtu yeyote. Mtafiti Hussein Isack wa Kenya, pamoja na Heinz-Ulrich Reyer, alichapisha mwaka 1989 utafiti juu ya Waborana wa kaskazini mwa Kenya: walipotafuta asali katika eneo wasilolijua bila ndege walihitaji kwa wastani saa 8.9 kupata mzinga, na walipoongozwa na ndege saa 3.2. Kule Niassa, Msumbiji, Wayao wana sauti maalumu ya kumwita, na utafiti wa Claire Spottiswoode na wenzake wa mwaka 2016 ulionyesha kwamba sauti hiyo huongeza uwezekano wa ndege kuwaongoza kutoka asilimia 33 hadi 66. Mtu hupata asali, ndege hupata nta, kisha kila mmoja huenda njia yake. Mtoto anayejifunza sauti hiyo kwa baba yake anajifunza pia kwamba ndege asipojibu, amekataa, na hakuna wa kumlazimisha.

Wahenga walisema kila ndege huruka kwa bawa lake. Hapa ndipo napaswa kurudi Gisenyi, kwenye jambo ambalo kaka hakuniambia likizo ya kwanza. Aliniambia ya pili.

Mkasi

Manyoya ya ndege yakikatwa huota tena anapojipukutisha ya zamani. Kwa hiyo anayetaka ndege asiruke lazima arudie kukata. Katika nyumba ile kazi hiyo ilifanywa kila ilipoonekana kwamba bawa linaanza kurefuka. Mwanzoni ilihitaji wanaume wawili, maana korongo mkubwa ana makucha na mdomo wenye nguvu, na alipambana. Mwaka wa pili mwenye nyumba aliona kwamba ndege anamfuata mtoto. Tangu hapo aliyemshika ni kaka.

Alipiga mluzi wake, sauti mbili. Ndege akaja. Akamkumbatia, mkono mmoja chini ya kifua na mwingine juu ya mgongo, na mtu mwingine akavuta bawa na kulikata kwa mkasi wa bustani. "Hakupigana," kaka aliniambia. "Alitulia kabisa, kwa sababu ni mimi." Nilimuuliza kama hakufikiria kukataa. Alinitazama kama mtu anayemtazama mwanafunzi. Kukataa kungekuwa kurudi nyumbani, na nyumbani kulikuwa na wadogo watatu waliokula kutokana na mshahara wake. Halafu akaongeza jambo ambalo sikulitarajia. Alisema kwamba hata kama wangemwachia achague, siku zile angekata. "Angeruka, mimi ningebaki na nani?"

Niliandika maneno hayo, na kwa siku kadhaa sikujua la kuyafanya. Ningependa insha iliyo nyepesi zaidi, ambamo tajiri ana mkasi na mtoto ana upendo. Ushahidi niliopewa hauniruhusu. Mtoto alikuwa na upendo, na upendo wenyewe uliugeuza mkasi kuwa rahisi. Bila mluzi ule wangehitajika wanaume wawili. Yeye mwenyewe amelijua hilo kwa miaka yote hii, wala hakuhitaji mimi nimfafanulie.

Nadhani hapa ndipo tofauti na Barnsley inapopata maana yake. Kinachomponya mtoto asiyetazamwa ni kuchaguliwa na kiumbe ambaye angeweza kwenda kwingine. Kozi wa Billy alipotua juu ya glavu alimchagua Billy. Korongo wa kaka alikuja kwa mluzi, na sina shaka alifurahi kuja, lakini hakuna mtu, hata kaka, aliyeweza kujua kama angekuja akiwa na mabawa yake mawili. Bawa lililokatwa lilimnyima ndege anga, na lilimnyima mtoto jibu.

Mwaka 2014 na baada yake

Mwaka 2014 daktari wa mifugo Mnyarwanda, Olivier Nsengimana, ambaye awali alifanya kazi ya kutibu sokwe wa milimani, alianza kampeni ya kuwatoa korongo majumbani na hotelini. Mwaka huohuo alipewa tuzo ya vijana ya Rolex, na mwaka 2018 Tuzo ya Whitley. Shirika alilolianzisha, Rwanda Wildlife Conservation Association, lilishirikiana na serikali kuwatangazia watu kwa redio kwamba wenye korongo wajitokeze wawaandikishe, na kwamba hawataadhibiwa kwa kujitokeza. Kwa maoni yangu msamaha huo ulikuwa busara kubwa. Vitisho vingewafanya watu wawafiche ndege au wawaue. Ndege walivalishwa alama miguuni, wakapimwa afya, na zaidi ya 200 waliondolewa utumwani. Wale ambao manyoya yao yangeweza kuota walipelekwa katika Hifadhi ya Akagera, wakakaa mahali palipotengwa hadi walipoweza kuruka. Wale waliovunjwa mifupa, ambao hawataruka tena, walipewa makao mjini Kigali katika Umusambi Village, ardhi oevu iliyorejeshwa yenye ukubwa wa hekta 21 hivi. Watoto wa shule walipewa kitabu cha hadithi ya picha juu ya korongo, na wanavijiji wa kando ya vinamasi, wakiwamo waliowahi kukamata makinda, walipewa kazi ya kuwalinda. Sensa ya mwaka 2017 ilihesabu korongo 487 porini nchini Rwanda. Ile ya mwaka 2021 ilihesabu 881.

Hizi ni habari njema na nazisoma kwa furaha. Lakini tazama zilivyofika kwenye kijumba cha nyuma. Mwenye nyumba alisikia tangazo na akaandikisha ndege wake. Kaka alijua kwamba ndege atachukuliwa, ila siku hakuambiwa. Asubuhi moja alitumwa sokoni kununua viazi. Aliporudi banda lilikuwa wazi. Alipiga mluzi kabla ya kuuliza. Alipouliza, mpishi alimwambia kwamba wataalamu wamekuja na kuondoka, na kwamba bosi amesema sasa banda libomolewe zipandwe nyanya. Kaka akabomoa banda.

Simlaumu aliyekuja kumchukua ndege, kwani alikuja kufanya haki. Ninachosema ni kwamba ndani ya nyumba ile hakuna aliyefikiri kwamba kuna mtu wa kuagwa. Ndege alihesabiwa kuwa mali ya bosi hadi dakika ya mwisho, na aliyemjua alikuwa sokoni.

Hitimisho

Katika insha hii nimeonyesha kwamba historia ya korongo wa bustani ina ncha mbili ambazo zimeshikwa na maskini: kinamasini anayekamata, na bustanini anayelisha. Katikati yao kuna mchuuzi na mnunuzi, na wao ndio waliopata fedha na fahari. Nimeonyesha pia kwamba kuwapo kwa upendo hakufuti madhara, na kuwapo kwa madhara hakufanyi upendo kuwa uongo. Kampeni ya mwaka 2014 iliwafungua ndege. Ilikuwa kazi yake na imeifanya vizuri. Kazi ya kuwasikiliza watu waliokuwa pamoja na ndege ni yetu sisi tunaosoma historia na lugha, na tunayo nafasi nzuri, kwa sababu waliokuwa watoto katika bustani zile bado ni vijana. Tukingoja miaka 40 tutaandika tena kwa kubahatisha. Napendekeza kwamba wenzangu wanaotoka Burera, Gicumbi na sehemu za Akagera wawatafute waliokamata makinda, kama mimi nilivyomtafuta aliyewalisha.

Kaka sasa anaendesha pikipiki ya abiria mjini Gisenyi. Likizo iliyopita nilimpelekea takwimu za sensa. Alizitazama kwa muda, hasa ile ya 881. Hakuniuliza juu ya tuzo wala juu ya hifadhi. Aliniuliza manyoya yaliyokatwa huchukua muda gani kuota, nikamwambia nilichosoma, kwamba yanaota, mradi mfupa haukuguswa.

"Mfupa haukuguswa," akasema. "Nilikuwa namshika mimi. Kila mara niliangalia. Ni manyoya tu."

Kisha abiria akaja, akawasha pikipiki.